Fundi Mpime kwa Namba ya Simu

Wiki hii msimbo mmoja umesifiwa mbele yangu mpaka nikaona haya kwa niaba ya msifiaji. Eti mistari mifupi, eti maelezo yamejaa. Ndani yake $_GET, ambamo PHP huweka parameta za anwani ya wavuti, zimetapakaa kama mchele uliomponyoka mtoto.

Parameta zote zisomwe mahali pamoja, juu kabisa, kabla ya kazi nyingine yoyote. Majina yawe ya herufi ndogo. Herufi kubwa katikati ya neno ni ushamba. Parameta tupu na parameta isiyokuwepo ni mambo mawili, na sifuri si tupu: anayepima kwa empty() huitupa 0 halali.

Lakini ukitaka kumjua fundi upesi, mpe namba ya simu. Andika ?simu=+255 na tarakimu zake, kisha tazama kinachofika. Seva itaona nafasi, halafu 255, kwa kuwa desturi iliyorithiwa kwenye fomu za HTML ni kwamba jumlisha husimama badala ya nafasi. Anayetaka jumlisha yenyewe huandika %2B. Hapo ndipo walaghai huumbuka. Namjua mmoja aliyegeuza kila nafasi kuwa jumlisha huko huko kwenye seva. Simu zikapona, Juma Ali akawa Juma+Ali. Mwenzake, aliyejiona mjanja zaidi, aliipitisha kila thamani kwenye urldecode(). Hakujua PHP imeshaifumbua kabla ya kumkabidhi, hivyo hata %2B iliyotumwa sawasawa ilifika ikiwa jumlisha, naye akaigeuza nafasi kwa mkono wake mwenyewe. Mzee aliyenifundisha kazi hakuigusa seva. Alikwenda pale kiungo kinapoundwa, akaweka encodeURIComponent(), akaenda kunywa chai. Si encodeURI(), maana hiyo huiacha jumlisha ilivyo.

Enzi za PHP 4 tulikuwa na register_globals, iliyogeuza kila parameta kuwa kigeu cha programu. Ilizimwa 2002, ikafutwa kabisa 2012, na ilistahili. Ila ilitufunza kutoiamini anwani. Vijana wa leo wanaiachia fremuweki kila kitu, na mwongozo hawasomi.

Ukiletewa mfumo uukague, tuma kupitia fomu yake namba yenye +255 pamoja na jina lenye nafasi. Visipofika vyote viwili vilivyo, usilipe.