Milima na Miti ya Maramba kwa Penseli

Anayetazama magharibi kutoka Maramba, wilayani Mkinga, huona mbali milima ya Usambara Mashariki, katikati mashamba, na karibu miembe na minazi. Penseli haina rangi, kwa hiyo umbali wote huo huonyeshwa kwa weusi na weupe tu.

Saa ya kuchora huamua mengi. Asubuhi jua huupiga uso wa milima na kila korongo likaonekana. Alasiri hushuka nyuma yake, na migongo ikabaki vivuli vitupu, mmoja nyuma ya mwingine. Kwa anayejifunza, alasiri ni bora. Unyevunyevu wa pwani huufifisha mgongo wa mbali zaidi, basi huo hupakwa kwa penseli ngumu ya 2H bila kukandamiza, na unaofuata kwa HB, iliyo laini kidogo. Ugumu huo hutokana na udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na grafaiti, mbinu ya Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ya mwaka 1795. Weusi mzito hautangulii kamwe: penseli laini ya 6B ikishagusa mlima, mlima husogea mbele, na kifutio hakiurudishi.

Kwenye mwembe, kosa kubwa ni kuchora jani mojamoja. Mwembe ni mafungu ya majani, na jicho likifumbwa nusu huyaona vizuri. Juu ya kila fungu karatasi huachwa karibu nyeupe. Tumboni mwake hupakwa giza. Mapengo machache ya anga huachwa kati ya matawi, la sivyo mti hugeuka jiwe. Kivuli cha chini ndicho cheusi kuliko vyote, na hapo ndipo 6B inapostahili.

Mnazi hautaki mafungu. Huanza kwa mstari mmoja wa shina, mnene chini, uliopinda kidogo. Makovu ya makuti yaliyoanguka hulizunguka shina, hivyo huchorwa kama pete, si mistari iliyonyooka. Kuti linalomwelekea mtazamaji huonekana fupi, na wengi hulirefusha kwa kuwa wanajua ni refu. Mkono hufuata jicho, si ujuzi.

Kwenye mashamba ya katikati, palipo na mkonge, zao alilolileta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mistari ya shamba hukutana kwenye usawa wa macho.

Nyasi za miguuni huja mwisho, tena chache. Zikizidi, jicho hukwama hapo na milima haifikiwi.