Heko kwa Vyama vya Ngoma vya Unyamwezi

Mgeni wa Kwihara, kule Unyamwezi, huonyeshwa tembe walimokaa wasafiri Stanley na Livingstone mwaka 1872. Lakini mimi nawavulia kofia wenyeji wa huko na vyama vyao vya ngoma. Buyeye, chama cha wacheza na nyoka na waganga wa sumu yake, hakikuishia kwenye ukoo mmoja. Aliyekubali kufundwa aliingia. Katika Buswezi, chama cha mizimu, walifundwa wanawake kwa wanaume. Si kwamba mlango ulikuwa wazi ovyo: palikuwa na kiingilio, miiko na siri. Lakini aliyeingia hakuachwa pembeni apige makofi. Alifundishwa kazi, akawa mwenzao. Vikundi vya sanaa vinavyotunga sera za ujumuishi leo vijifunze hapo: kumpokea mtu ni kumpa ujuzi na nafasi uwanjani.