Kiuno cha Jiko

Jiko langu la makaa lilipopasuka mwaka jana, nililibomoa kabla ya kulipeleka kwa fundi, nione lilivyoundwa. Ndani mlikuwa na bakuli la udongo wa kuchoma, lenye matundu kwenye kitako, limekalishwa juu ya kiuno cha bati. Kati ya bakuli na bati palisindiliwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yasiyopitisha joto kwa urahisi. Udongo unaishia hapo kiunoni. Chini yake ni bati tupu na kidirisha cha kuingiza hewa na kutolea majivu.

Hiyo nusu ya chini isiyo na udongo haikuwapo mwanzoni. Mapema miaka ya 1980, Maxwell Kinyanjui na wenzake walipotafuta jiko la kupunguza makaa nchini Kenya, walianzia kwenye jiko la ndoo la Thailand, lililojaa udongo kutoka mdomoni hadi chini. Joto lilihifadhika kweli, lakini jiko la namna hiyo ni zito, na umbo la ndoo lina kitako chembamba. Sasa ugali hausongwi juu ya kitu kinachoyumba. Mpishi huibana sufuria na kukandamiza mwiko kwa nguvu ya bega, jiko likiteleza chini yake. Kipimo cha kawaida cha maabara ni kuchemsha maji, na maji hayasongwi! Jikoni kwa akina mama ndiko jiko lilikojaribiwa sawasawa. Udongo ukabaki juu, karibu na moto unakohitajika, na bati likatanuliwa chini ili lisimame imara.

Umbo hilo pia lilimfaa fundi wa jua kali. Kwake kazi ni koni mbili zilizokatwa ncha na kuunganishwa kiunoni. Anaweka kiolezo juu ya bati la pipa kuukuu, anachora kwa msumari, anakata, anakunja kingo na kuzipigilia nyundo mpaka zishikane. Hahitaji umeme wala mashine ya kuchomelea.

Ila fundi wa bati hafinyangi, na mfinyanzi hana haja na nyundo. Wanaweza kufanya kazi mbali mbali kabisa, kila mmoja na karakana yake. Udongo nao hautii rula: hunywea unapokauka kivulini, hunywea tena tanurini, na mabakuli mawili yaliyotoka kwenye kalibu moja huweza kupishana. Ukidai bakuli liingie kwenye bati kama kifuniko kwenye chupa, utatupa mengi, na bei itapanda. Ile saruji ya vemikulaiti inaziba pengo lolote litakalobaki. Huelezwa kama kizuizi cha joto tu, lakini kwangu mimi kazi yake kubwa ni kusamehe makosa ya watu wawili ambao huenda wasikutane kamwe.

Kuhusu makaa, majaribio mengi yameonyesha kwamba jiko hili hutumia pungufu kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu. Umbo lake lilivuka mipaka: Ethiopia wana Lakech, Ghana wana Gyapa.

Kwa kuwa halikufungiwa hataza, kila mwenye nyundo aliiga, na mashindano yakashusha bei. Yakashusha na ubora pia. Kuna bakuli linalochomwa nusunusu ili kuokoa kuni za tanuri, na ukishalipaka rangi huwezi kulitambua kwa macho. Langu lilikuwa la aina hiyo: pale lilipovunjika, katikati ya ukuta palikuwa na rangi ya kijivu, udongo usioiva. Aliyeniuzia lingine alilibisha kwa kifundo cha kidole mbele yangu, likalia kama kikombe. Akabisha la pili, likatoa mlio mzito kama wa boga. Akalirudisha chini ya meza, kwa mteja mwingine nadhani.