Cheni Mpya, Kava Bovu

Watu wanahukumu kazi ya cheni ya taimingi kwa masikio. Hilux ya zamani yenye injini ya 22R inatoka gereji, inawashwa, ile kelele ya mbele haisikiki tena, basi mtaa mzima unamsifu fundi. Sifa hizo zinaniudhi. Cheni mpya hunyamaza hata ikifungwa na asiyejua kazi.

Tazama gia kwanza. Kufunga cheni mpya juu ya meno yaliyolika ni kuiua mapema. Gia ya krenki, gia ya kemu, tenshena na reli, vyote hubadilishwa kwa pamoja. Gasketi ikae juu ya alumini iliyosafishwa ikang'aa. Silikoni ikitokeza pembeni, aliyeifunga si fundi.

Lakini hukumu yenyewe iko ndani ya kava la cheni, na huko mteja hachungulii kamwe. Kuanzia modeli za 1983, Toyota waliacha cheni ya safu mbili kwenye injini hii, wakaweka ya safu moja inayopita kwenye reli za plastiki. Plastiki huzeeka ikakatika, cheni ikapiga ukuta wa kava na kuuchimba mfereji. Nyuma ya ukuta huo yanapita maji ya injini. Siku ukitoboka, maji yanashuka kwenye sampu, oili inageuka chai ya maziwa, na beringi za krenki zinaanza kuliwa.

Kuna mzee wa Gerezani, Dar es Salaam, niliyependa kumtazama akifanya kazi hii. Aliosha kava kwa petroli, akaligeuzia jua, kisha akapitisha ukucha ukutani polepole. Ukucha ukikwama, kava halirudi kwenye gari. Halafu alipanga vipande vya reli iliyovunjika juu ya gazeti mpaka umbo lake likamilike. Kikikosekana hata kimoja, alishusha sampu kukitafuta, maana kipande hicho huenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Nimeona pia walaghai. Mmoja alijaza mfereji gundi ya chuma, akausugua kwa msasa na kulirudisha kava kana kwamba ni zima. Gari lilisifiwa kwa utulivu wake hadi gundi ilipobanduka.

Mafundi wa enzi ya safu mbili waliwarudishia wenye magari spea kuukuu bila kuombwa, na waliizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa swichi. Siku hizi wengi hukimbilia kuwasha.

Kwa hiyo usisubiri kusikiliza injini. Nenda gereji kabla kava halijafungwa, uombe kuona upande wake wa ndani, reli ya zamani na vipande vyake vyote. Fundi wa kweli atakuonyesha kwa fahari. Akianza kukueleza kwamba hakuna haja, mwambie asimamishe kazi.