Abiria wa Uvira na mashindano ya Addis Ababa na Nairobi

Mtu wa Nyakabere, mashariki mwa Kongo, anayetaka kwenda Kinshasa kwa ndege mara nyingi huanza kwa kutoka nje ya nchi yake. Anateremka hadi Uvira, anagongewa muhuri mpakani Kavimvira, anapita Gatumba na kufika uwanja wa Bujumbura, Burundi. Akipanda ndege ya Addis Ababa, anapelekwa kaskazini mashariki zaidi ya kilomita 1,700, kisha anarudishwa magharibi. Jumla ni karibu kilomita 4,700, wakati ndege ya moja kwa moja ingemfikisha kwa takriban 1,550. Huko Bujumbura anahesabiwa msafiri wa kimataifa, ingawa anatoka mji mmoja wa Kongo kwenda mwingine. Safari hiyo ndefu imepangwa na watu, na kuna namna walivyoipanga.

Tuanzie Ulaya. Mwaka 1996 KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways, na abiria waliokusanywa Nairobi wakawa wanapelekwa Amsterdam. Mwaka 2004 KLM ikaungana na Air France. Sabena ya Ubelgiji, iliyokuwa ikizijua njia zetu tangu ukoloni, ilikufa 2001. Mrithi wake akaungana na Virgin Express, ikawa Brussels Airlines mwaka 2007. Lufthansa ikachukua asilimia 45 mwaka 2009 na kampuni yote mwaka 2017. Kwa miungano hiyo, makundi mawili ya mashirika yaliigawa anga yetu: SkyTeam ikishika Nairobi, Paris na Amsterdam, Star Alliance ikishika Brussels na Frankfurt. Ethiopian Airlines ya Addis Ababa ilipojiunga na Star Alliance Desemba 2011, upande wa pili nao ukapata kitovu Afrika Mashariki.

Nguvu ya Addis Ababa ni ratiba. Ndege kutoka miji ya Afrika hutua jioni kwa kukaribiana sana, abiria wanabadilisha ndege, na usiku zinaondoka za Ulaya na Asia. Asubuhi mambo yanageuka: za mbali zinatua, za Afrika zinaondoka. Ni kama siku ya gulio, wauzaji na wanunuzi wote wanafika saa ileile. Tuseme ndege 30 zinatua na 30 zinaondoka katika saa chache hizo. Ukiongeza Bujumbura, hujaongeza safari moja. Umefungua safari mpya 30, kila moja ikiwa na abiria wawili watatu. Abiria hao wawili watatu, ambao peke yao wasingejaza hata ndege ndogo, ndio wanaogombaniwa na mashirika makubwa.

Lakini ratiba peke yake haitoshi, kwa sababu sheria inaingia. Shirika la nje haliruhusiwi kubeba abiria wa ndani, tuseme kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi. Ethiopian ililizunguka zuio hilo kwa ubia: inachukua chini ya nusu ya hisa, inaleta ndege na mafundi, na bendera inabaki ya mwenyeji. Ilianza na shirika la ASKY huko Lomé mwaka 2010. Lomé iko usawa wa bahari, wakati Bole, uwanja wa Addis Ababa, uko zaidi ya mita 2,300 juu, ambako hewa nyepesi huizuia ndege kuruka ikiwa imejaa mafuta ya kuvuka Atlantiki. Ndiyo maana mwaka 2016 safari ya Newark, Marekani, ilipitishwa Lomé. Kituo kimoja kikaleta mafuta na abiria wa Afrika Magharibi kwa pamoja.

Desemba 2024 ikawa zamu yetu: Air Congo, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian 49, ilianza safari za ndani na Boeing 737-800 mbili. Hapa ndipo hesabu inapokaza. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyafungia mashirika yote yenye leseni ya Kongo, na shirika jipya likasajiliwa chini ya mamlaka ileile. Kwa hiyo Air Congo inaweza kukusanya watu Kinshasa, lakini wa Brussels au Paris haiwezi kuwafikisha yenyewe. Anayefaidika na zuio hilo kwanza ni mbia mwenye ndege kubwa Addis Ababa. Ndoa hiyo siikatai, maana watu wanahitaji ndege leo. Ila Kinshasa isikubali asilimia 51 iwe ya karatasi tu wakati mauzo ya tiketi na saa za kuondoka vinapangwa kwingine.

Nairobi inatuonyesha hatari hiyo. Baada ya hasara ya shilingi bilioni 26.2 katika mwaka wa 2015/16, Kenya Airways ilipanga upya madeni, hisa za KLM zikashuka hadi asilimia 7.8 mwaka 2017, na ubia ukafikia mwisho 2021. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa kuipanga Nairobi iitumikie Amsterdam kwanza, wakati Addis Ababa ilijipanga kuzihudumia pande zote kwa usawa.

Na sisi wa kando ya ziwa? Viwanja vya Goma na Kavumu, uwanja wa Bukavu, vilitekwa Januari na Februari 2025, na viwanja hivyo viwili vya Kivu vikawa havifikiki kwa Air Congo ilipokuwa haijatimiza hata miezi mitatu. Kwa mpangaji wa ratiba aliyeko Addis Ababa hilo si pengo kubwa: abiria wa Uvira tayari yumo katika ndege ya Bujumbura, na analipa bei ya kimataifa.