Ng'ombe wa Chuma wa Bweranyange

Mwaka 1876 Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe alimfungulia mgeni wake, Henry Morton Stanley, mlango wa nyumba ya hazina. Mgeni akaorodhesha alichokiona: bata wa shaba wenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki iliyofuliwa kwa ufundi uliomshangaza. Katika hazina hiyo ya wafalme wa Karagwe kule Bweranyange, makao yao, hata hivyo, anayetajwa kuliko vyote ni ng'ombe wa chuma.

Mtazame kwa karibu. Mwili mwembamba, miguu iliyochongoka, pembe ndefu zilizopinda. Mhunzi hakuhangaika na manyoya wala macho. Jasho lake lilimwishia kwenye pembe, maana ng'ombe wa nyanda zile hutambulika kwa pembe. Aliyetoka kwenye fuawe hazai, hakamuliwi, hafi. Ni kiumbe wa kubuni, aliyeundwa kwa teknolojia ya juu kabisa ya zama zake, na bado kila mfugaji wa Kinyambo, mwenyeji wa Karagwe, angemtambua mara moja.

Kwangu mimi, huo ndio ufundi wa kuunda wahusika wa hadithi za kisayansi, nao ni kazi ya uhunzi. Utamaduni ni chuma ghafi. Ukikiokota na kukipachika kilivyo, umevisha sanamu mapambo. Sharti kipite motoni, kipigwe, kibadilike umbo, ila ubora wake ubaki.

Wahunzi wenyewe wana mengi ya kumpa mwandishi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu Wahaya, majirani wa Wanyambo, ambao wazee wao walikumbuka namna ya kuyeyusha chuma kwa matanuri ya udongo na mivukuto. Ufundi wa aina hiyo una umri wa karibu miaka 2,000 katika eneo hilo. Lakini joto la tanuri ni nusu tu ya habari. Tanuri lilihesabiwa kuwa mwanamke mwenye mimba, na chuma ndicho mtoto. Kwa hiyo wayeyushaji walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Sasa mpe miiko hiyo mhandisi wa chombo cha angani. Kabla ya kuwasha injini analala peke yake, hagusani na mumewe, na vijana wa zamu wanamcheka kichinichini. Hajavaa ushanga wala ngozi ya chui, lakini tayari ana asili, ana msimamo, na ana ugomvi nyumbani. Hadithi imeanza.

Ruth E. Carter alilielewa jambo hili alipobuni mavazi ya filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Kofia pana ya Malkia Ramonda ilitokana na isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Akishirikiana na mbunifu Julia Koerner, aliifanya ichapwe kwa printa ya 3D. Vifaa vikawa vya kesho, heshima ya mama wa nyumba ikabaki palepale. Mwaka 2019 kazi hiyo ilimpa Carter tuzo ya Oscar.

Hapa kwetu Maziwa Makuu, Raymond Malinga wa Uganda alifika karibu zaidi na Bweranyange. Katika Herderboy, filamu yake fupi ya katuni iliyo ndani ya mkusanyiko wa Kizazi Moto wa mwaka 2023, wachungaji ni nusu watu nusu mashine, nao wanalinda ng'ombe kandokando ya ufalme wa Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi. Mapokeo ya Karagwe nayo yanamtaja Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa Bahinda, kuwa mwana wa Wamara, Mchwezi. Ng'ombe na chuma vimekutana tena, safari hii kwenye skrini.

Upo pia ubunifu mbaya, nao ulipita Karagwe. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipokelewa vizuri na Rumanyika mwaka 1861. Akampima kwa utepe mwanamke mnene wa ukoo wa kifalme, akaandika vipimo vyake kitabuni mwaka 1863. Humohumo akadai kwamba watawala wa nchi hizi walitoka Uhabeshi. Alibuni wahusika, akawaita historia, na dhana hiyo ilikuja kuwagharimu watu wa Maziwa Makuu damu. Macho alikuwa nayo, na wenyeji wa kuwauliza walikuwa mbele yake. Alichokosa ni subira ya kusikiliza jibu ambalo halikufanana na alilokuja nalo.

Basi wewe unayetaka kuandika kuhusu Mirihi au mwaka 2400, usianze na picha za mtandaoni. Nenda kwa watu. Uliza kitu kinatumikaje, nani anaruhusiwa kukishika, na anayekosea hufanywa nini. Ukishajua, kiwashie moto na ukipige hadi kiwe chako. Kisha mwonyeshe mwenye mila. Akitambua pembe, umefaulu; akiona mapambo tu, rudi kwenye fuawe.