Dizeli ikikosa nguvu mlimani, pima kabla ya kununua

Turbo nzima mara nyingi hung'olewa kwenye gari fundi anaposoma msimbo wa hitilafu na kuishia hapo. Mwenye gari hulipa, turbo nyingine hufungwa, na kilima cha kwanza gari linagoma vilevile. Uchambuzi huu unafuata kisa kimoja hatua kwa hatua, kuonyesha jinsi kosa linavyotafutwa kwa vipimo.

Tuanze na kinachotokea. Dizeli ya kisasa ina kompyuta inayoagiza kiasi cha mafuta, shinikizo la reli ya mafuta na msukumo wa turbo, kisha inasoma sensa kuona kama ilichoagiza kimetimia. Tofauti ikizidi, huwasha taa ya injini, hupunguza mafuta na kulegeza turbo ili injini isiharibike. Gari huingia katika hali ya kujilinda: unakanyaga mafuta mpaka chini, lakini mizunguko ya injini, katika magari mengi, haivuki 3,000 hivi kwa dakika. Ukizima na kuwasha, mara nyingi nguvu hurudi kwa muda.

Msimbo unaobaki kwenye kumbukumbu hautaji kifaa kibovu. P0299 unasema msukumo wa hewa umekuwa mdogo kuliko ulioagizwa. P0087 unasema shinikizo la mafuta kwenye reli limeshuka mno. Kutafuta sababu ya upungufu huo ndiyo kazi ya fundi.

Gari la kisa hiki ni pikapu ya lita 3, iliyokuwa na mzigo kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa. Ilipoanza kupanda mlima wa Kitonga ilitoa moshi mweusi, taa ikawaka, ikabaki kujikokota. Gereji ya kwanza ilisoma P0299, na hukumu ikatoka hapohapo: "Mzee, turbo imekufa hiyo, tutafute nyingine." Mwenye gari akaomba lipimwe kwanza.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutofuta msimbo. Kompyuta huhifadhi pamoja nao hali ya gari wakati kosa lilipotokea, na ukiufuta unapoteza ushahidi wote. Hapa kumbukumbu ilionyesha injini imelemewa sana, mizunguko kama 2,600, joto la maji la kawaida. Maana yake kosa lilijitokeza pale turbo ilipotakiwa kufanya kazi kubwa, wala halikuhusiana na injini baridi au joto kupita kiasi.

Hatua ya pili ilikuwa kuihoji sensa yenyewe. Ukifungulia swichi bila kuwasha injini, sensa ya msukumo wa hewa lazima isome mgandamizo wa hewa ya mahali ulipo. Usawa wa bahari, kama Dar es Salaam, ni kilopaskali 101 hivi. Iringa mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,500 na ushei, ni kama 84. Ikisoma vingine, huenda imejaa masizi au waya wake una tatizo, na hakuna haja ya kugusa turbo. Sensa ya pikapu hii ilisema kweli.

Hatua ya tatu ndiyo iliyofungua kisa. Gari lilirudishwa mlimani na mzigo wake, mmoja akiendesha na mwingine akisoma vipimo kwenye mashine ya kusomea msimbo. Kwanza walitazama reli ya mafuta: shinikizo lililopatikana lilifuatana na lililoagizwa mpaka juu. Kwa hiyo filta ya dizeli, pampu na nozeli zikaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa. Kisha msukumo wa hewa: kompyuta iliagiza kilopaskali 210, zikapatikana 150. Hata hivyo kipima hewa kilichoko baada ya filta kilionyesha hewa nyingi ikiingia. Hewa imeingia, imehesabiwa, lakini haikufika yote kwenye injini. Hapo moshi mweusi ukaeleweka: kompyuta ilikuwa inatoa mafuta kulingana na hewa iliyohesabiwa, na sehemu ya hewa hiyo ilikuwa inapotelea njiani.

Kabla ya kutafuta uvujaji, turbo ilikaguliwa. Ufito unaogeuza mapanga yake ya ndani ulivutwa kwa pampu ndogo ya mkono. Ukateleza vizuri na kushikilia. Shafti haikuwa na mchezo wa kutisha. Turbo ilikuwa nzima.

Kisha njia ya hewa ikazibwa mwanzoni, ikajazwa upepo chini ya baa moja, na viungo vikapakwa maji ya sabuni. Povu lilitoka chini ya hozi inayotoka kwenye turbo kwenda intakula (kipoza hewa), palepale klipu inapobana. Mpasuko ulikuwa upande wa chini, usioonekana ukisimama mbele ya boneti. Injini ikinguruma taratibu, kingo zake zilifungana na hata kwa kidole huwezi kuugundua. Shinikizo likipanda, zilifunguka. Alama pekee ilikuwa vumbi lililolowa oili, limetanda kama upepeo kwenye chuma kilicho jirani. Oili kidogo ndani ya hozi hizi ni ya kawaida, hutokana na mvuke wa injini. Ikionekana nje, inaonyesha hewa inapotokea.

Hozi na klipu vilibadilishwa, pikapu ikapanda mlima uleule na mzigo uleule, na kipimo kilichopatikana kikafuatana na kilichoagizwa.

Iwapo reli ya mafuta ndiyo ingeshuka, msako ungeelekea kwenye filta iliyoziba, maji ndani ya dizeli, hewa inayonyonywa kwenye bomba la kutoka tangi, vali ya kudhibiti pampu, au nozeli zinazorudisha mafuta kupita kiasi. Hizi za mwisho hupimwa kwa kulinganisha mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli.

Hapa nawasihi mafundi waliolelewa na injini za zamani. Kulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwaka, ili kujua silinda isiyofanya kazi, kusifanyike kamwe kwenye injini za reli ya pamoja. Shinikizo lake linaweza kupita baa 1,600, na dizeli hupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha linaweza kuonekana dogo kama tundu la sindano, lakini mtu awahishwe hospitali mara moja.

Kwa madereva, zima-washa si matibabu. Hewa inapovuja, kompyuta huilazimisha turbo izunguke kwa kasi zaidi kufidia pengo. Ukiendelea hivyo kilima baada ya kilima, unaweza kuiua kweli turbo iliyosingiziwa.

Mwenye gari ana haki ya kumwuliza fundi maswali matatu kabla ya kutoa fedha: kompyuta iliagiza kiasi gani, kilipatikana kiasi gani, na ni kipimo gani kinachothibitisha kuwa kifaa hiki ndicho kibovu? Fundi aliyepima atajibu kwa namba. Asiye na namba bado hajamaliza kutafuta, na fedha zibaki mfukoni mpaka amalize.